Sumaku, Sindano na Ahadi Niliyompa Rahma

Mkuu mpya wa kitengo chetu cha chanjo ameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili nyinyi mnaoanza msome. Nimemwambia sawa, ila asitarajie habari za vyeo na uhamisho. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe mara ya mwisho nililiona lina mende. Mimi nitaandika tulivyofanya kazi, wapi nilipatia na wapi niliharibu. Jina langu mnalijua, Bi Zuwena wa Tibirinzi, yule aliyekuwa akiwafokea mkiacha mfuniko wa boksi la baridi wazi. Nimestaafu mimi, sauti bado ipo kazini.

Nilianzia Makangale, kule juu kaskazini ya Pemba karibu na msitu, kwenye kituo chenye vyumba viwili na popo wasiohesabika. Gauni langu jeupe nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili. Aliyenipokea ni Bi Mkasi, muuguzi mtu mzima, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Weye ndo uliyeletwa? Haya, vua saa, shika sufuria." Siku ile sikumgusa mtoto hata mmoja. Nilichemsha mabomba ya kioo na sindano zake juu ya jiko la mafuta ya taa, nikangojea dakika zitimie, nikayaopoa kwa koleo, nikaanza tena. Nyinyi mnafungua pakiti, mnachoma, bomba linajifunga lenyewe, mnatupa kwenye sanduku. Msinune nikisema mmezaliwa na bahati.

Wiki ya pili nikaharibu. Asubuhi nilizipanga chupa kwenye boksi la baridi, na kwa bidii zangu nikazibana juu ya mabarafu yenyewe, bila kitambaa wala gazeti katikati, nikidhani baridi ikizidi ndiyo salama zaidi. Tulipofika kwenye banda la kuchanjia, Bi Mkasi akachukua chupa ya pepopunda, akaitikisa, akainyanyua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na vitu vinaelea kama maziwa yaliyokatika. "Imeganda hii. Ishakufa." Akina mama walikuwa wameshakaa, watoto mapajani. Nilidhani atasingizia chanjo haikuletwa. Akasimama akasema: "Mama zangu, huyu mgeni wetu kaigandisha dawa kwa kutojua. Leo hatuchomi. Rudini kesho kutwa." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kesho kutwa yake walirudi wote, na mmoja wao akaniletea chane ya ndizi.

Bi Mkasi alikuwa na njia yake ya kukaa na watu. Hakuanza kueleza chanjo ni nini. Alianza kwa kuuliza, "Nambieni mmesikia nini," kisha akanyamaza mpaka wamalize, hata yakiwa mambo ya kuchekesha. Pale Makangale alikuja mama mmoja bila mtoto, kaja kutuaga tu kwamba haji tena.

"Mlimchoma wa kwanza akachemka mwili mzima," akasema, "na mlinambia hapana kitu."

"Nani kakwambia hapana kitu?"

"Yule kijana aliyekuwepo kabla."

"Basi kakudanganya. Atachemka. Paja litavimba. Atalia mpaka baba yake ahamie barazani. Kesho yake atanyonya. Hayo ndiyo ninayoyajua, mengine siyajui."

Yule mama alicheka hapo kwenye baba kuhamia barazani, akaenda kumchukua mtoto. Wakati wa kurudi Bi Mkasi akanambia, "Mchanjaji asiahidi asilolijua, Zuwena. Umesikia?" Nikamwitikia, nimesikia Bi Mkasi. Na nilikuwa nimesikia kweli. Miaka zaidi ya thelathini nililishika neno lake, halafu siku moja nikalivunja mbele ya msichana mmoja, na huyo ndiye hasa aliyenifanya nikubali kuandika haya.

Lakini kwanza Kengeja, kwa sababu huko ndiko nilikopata hasira. Nilipelekwa kusini wakati ambapo surua ilikuwa imeingia kijijini. Baba mmoja, mkulima wa mihogo, mtu mpole kabisa, alikuwa amemficha kitinda mimba wake tulipopita kuchanja, kwa kuwa jirani alimwambia sindano inalegeza miguu. Mtoto alipoletwa kituoni macho yalikuwa yamevimba na pumzi inakwaruza. Nilikaa naye mpaka alipokata roho. Baba yake alinishika mkono akaniuliza, "Hata sasa haichomeki?" Nikamwambia hapana, sasa tumechelewa. Sijawahi kulia kazini kama nilivyolia siku ile. Ndiyo maana mtu akinambia kuchanja ni suala la maoni ya kila mtu, mimi roho inanipanda, na nyinyi mmeshaniona ikinipanda.

Hukohuko Kengeja nilimchanja Rahma akiwa mchanga. Alikuwa mtoto wa kifua, pumu imemkaa tangu hajatambaa, na mama yake hakukosa hata tarehe moja ya kadi. Nilimjua mpaka akaanza skuli, kisha nikahamishiwa mjini Chake na yeye akakua bila mimi. Tulikuja kukutana tena akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, anasomea ualimu katika chuo kimoja nisichokitaja jina. Alikuwa kiongozi wa dakhalia, bweni la wasichana, mrefu, mcheshi, na amechumbiwa, ndoa ikingojea amalize mtihani tu.

Ilipokuja korona hatukukutana kwa furaha. Wimbi moja lilimleta Rahma wodini akiwa hawezi kumaliza sentensi. Nilikuwa zamu. Alikaa kwenye oksijeni siku kadhaa, kila akivuta pumzi unaziona mbavu. Alitoka, alhamdulillahi, lakini daktari alimwambia wazi mbele yangu: "Ukipata jengine kama hili na kifua chako hiki, sijui kama tutakutoa." Kwa hiyo chanjo zilipofika na nikapangiwa chuo chao, mimi kichwani mwangu nilikuwa nakwenda kumchanja mtu mmoja. Hao wengine wote ni nyongeza.

Tuliweka meza kwenye ukumbi wa nje wa chuo. Mimi, msaidizi wangu mmoja, boksi la baridi na rejista. Wanafunzi wakajaa madirishani, hakuna aliyesogea. Nikafanya alivyonifunza Bi Mkasi. Nikawaita, nikawaambia, "Nambieni mmesikia nini." Loo! Ilikuwa kama nimefungua bomba. Mmoja anasema ukichanja unakufa baada ya miaka miwili. Nikamwambia mimi nilichanjwa mwanzo kabisa, anikumbushe ikikaribia nigawe vyombo vyangu. Mwengine anasema mnatia kidude cha kumfuatilia mtu anakokwenda.

"Kukufuatilia weye?" nikamuuliza. "Unakwenda wapi? Darasani, bwaloni, kwenye chipsi. Na hiyo simu mkononi mwako, yenyewe haijui ulipo?"

Wakacheka. Hapo akatoka kijana mmoja wa sayansi, Faki jina lake, ana sumaku kaichukua maabara, na sarafu mfukoni. Kasema ameona kwenye simu kwa macho yake, mkono uliochanjwa unanasa chuma. Nikakunja mkono wa gauni. "Bandika." Akabandika sumaku, ikaanguka. Akabandika tena, ikaanguka. "Sumaku za humu mbovu," akasema, na chuo kizima kikaangua kicheko. Basi akatoa sarafu, akaigandamiza mkononi mwangu, na sarafu ikaganda kweli! Kelele zikapanda. Nikaichukua ileile, nikamfuata Faki, nikambandika kwenye paji la uso lililokuwa linavuja jasho. Ikaganda vizuri kuliko kwangu.

"Haya bwana, weye ulichanjwa lini kwenye paji?"

Faki akawa wa kwanza kukaa kitini, na sarafu akaisahau kichwani. Wavulana wakamfuata. Nawaambia haya si kwa kujisifu, ila kidogo najisifu. Msidharau swali la mwanafunzi kwa kuwa la kipuuzi. Mtu aliyebeba sumaku kutoka maabara ana nia ya kujua, na huyo ni mwenzenu.

Wasichana sasa. Asubuhi ya kwanza walikuja saba wanane, wamejipanga vizuri, kisha ghafla foleni yao ikakatika. Siku ya pili hakuja hata mmoja. Mkuu wa chuo akataka kutangaza kuwa asiyechanja haingii kwenye mtihani, nikamwomba kwa Mungu asifanye hivyo. Tukamwita shehe, akaja, akazungumza maneno mazuri sana juu ya kujikinga na maradhi. Wasichana wakamsikiliza kwa adabu, wakaitikia dua, wakarudi dakhalia. Nikabaki na boksi langu la baridi nikiona chupa nilizokwisha kuzifungua zinakaribia kumaliza saa zake. Nilikuwa na hasira, na zaidi nilikuwa na hofu, kwa sababu Rahma alikuwa miongoni mwao na alikuwa ananiamkia kwa mbali.

Siku ya tatu nikamngojea kwenye mfereji, bomba la kuchotea maji.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba. Rahma mwanangu, hebu nambie. Kuna nini?"

Akatazama chini, akachezea mtandio wake. "Bi Zuwena, mbona mlituuliza siku zetu?"

"Siku zenu zipi?"

"Siku zetu. Za mwezi. Wavulana hamkuwauliza kitu, walikaa tu mkawachoma. Sisi kila anayefika mezani anaulizwa ameingia lini mwezini. Pale pale, watu wanasikia. Basi wenzangu wakasema, kwani sindano ya kifua inataka nini na kizazi cha mtu? Na ile sauti inayozunguka kwenye simu si ndiyo inayosema hivyo, kuwa inafunga kizazi?"

Jamani, nilikaa kitako pale kwenye sakafu ya mfereji. Fomu yetu ilikuwa na swali moja: mchanjwaji ni mjamzito? Hilo tu, kwa ajili ya kumbukumbu na ushauri. Lakini mimi ni mtu wa Pemba. Nitamwangalia vipi usoni msichana wa watu, hajaolewa, mbele ya halaiki, nimuulize una mimba? Ni tusi. Anaweza kwenda kwao akalia, na kaka zake wakanijia. Kwa hiyo nilifanya tulivyozoea sisi wauguzi wa huku, nikalizunguka, nikawauliza kwa upole lini waliona siku zao. Nilijiona nimewahifadhia heshima. Kumbe nimewapa ushahidi uliokuwa unakosekana kwenye ile sauti ya simu. Uvumi ule ulikuja na njia zake, lakini aliyeuwekea muhuri ni mimi.

Nikamweleza Rahma hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Akanisikiliza. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini wao hawatakuamini, na mimi peke yangu siwezi kutoka." Nikamuuliza, mambo hayo wanamwamini nani? Akacheka kidogo. "Kwani unauliza, Bi Zuwena? Somo."

Kwa wasiojua, somo ni yule bibi anayemfunda msichana mambo ya mwili wake na ya ndoa. Tulikuwa tumeshawategemea mkuu wa chuo na shehe, wanaume watupu, kuwaeleza wasichana habari za vizazi vyao! Somo wake Rahma, ambaye alikuwa amewafunda na wengi wa pale, alikuwa Bi Time, anakaa mtaani kwangu Tibirinzi, nyumba ya nne kutoka kwangu. Miaka yote tunaazimana mbuzi ya nazi, na sikuwahi kumfikiria.

Bi Time alinisikiliza huku anapepeta mchele, kisha akaweka ungo chini.

"Zuwena, mambo ya chumbani umeyatia barazani?"

"Nimeyatia."

"Na wanaume wamekaa?"

"Wamekaa, Bi Time."

"Astaghafirullah. Na hiyo ndo elimu mlopewa." Akanisema mpaka jua likapoa. Alipomaliza akauliza maswali yake, na nawaambieni ukweli, hakuna mkaguzi aliyewahi kunihoji namna ile. Inakwenda wapi mwilini? Inakaa siku ngapi? Wanaonyonyesha je? Mie mwenyewe na presha yangu je? Niliyoyajua nilimjibu, nisiyoyajua nilimwambia siyajui. Asubuhi yake akavaa buibui lake la kutokea tukafuatana.

Tulikaa ndani ya dakhalia, mlango umefungwa, wanawake watupu. Niliwaomba radhi. Niliwaeleza swali lilikuwa lipi kwenye fomu na kwa nini niliogopa kulisema. Wakashangaa, kisha mmoja akasema, "Ungetuuliza tu moja kwa moja, Bi daktari," na wote wakacheka, nikaona kweli heshima yangu ya kizamani ndiyo iliyoniponza. Bi Time akawa wa kwanza kukunja mkono wa buibui, akachomwa, akasema, "Mie kizazi changu kishafunga duka, sina cha kupoteza, lakini nyie ni wanangu na siwezi kukuleteeni kitu cha kukuharibuni." Tukapanga kiti nyuma ya pazia. Wakaja mmoja mmoja. Anayetaka kusema jambo lake ananinong'oneza, nami natia alama bila kuuliza zaidi.

Mwisho kabisa akabaki Rahma. Alikuwa amewasimamia wenzake wote, amewashika mikono, na sasa ni zamu yake. Akakaa. Akanishika kifundo cha mkono wenye sindano.

"Bi Zuwena, mimi nikiachwa kwa kukosa mtoto nitafanya nini? Nambie kweli. Nitazaa?"

Nilimwona tena na ile oksijeni. Niliziona zile mbavu. Nilikuwa na chupa moja ya mwisho, dawa yake imebaki ya mtu mmoja, na nilitaka kwa roho yangu yote iingie mkononi mwake kabla hajasimama. Nikasema: "Utazaa, mwanangu. Na mtoto wako nitamchanja mimi kwa mkono wangu, kabla sijastaafu. Nakuahidi."

Akafumba macho, nikamchoma.

Nataka mlisome vizuri hilo. Kama ningesema sindano hii haifungi kizazi, ningekuwa nimesema ninalolijua. Mimi nilisema utazaa. Nani kanipa mimi mamlaka hayo?

Wimbi jengine lilipokuja Rahma aliugua. Alikohoa wiki nzima, akatumia pampu yake ya pumu, akabaki kitandani kwake dakhalia, na wiki ya pili akarudi darasani analalamikia wali wa bwaloni. Wodini hakukanyaga. Siku niliyosikia hivyo nilisujudu. Akafanya mtihani, akafaulu, akaolewa, nami nilikuwa mstari wa mbele kwenye harusi nikila biriani mpaka nikaona haya.

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, lakini alianza kuwauliza watu, kwa sauti ya chini, ile sindano ya chuoni ilikuwa ya nini hasa. Wenzake Rahma wa dakhalia, waliochomwa siku ileile, chupa zilezile, walikuwa wanakuja kliniki na matumbo, mmoja kazaa pacha. Yeye hakupata. Alasiri moja akaja nyumbani kwangu, akaamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, na hakunywa chai.

"Bi Zuwena, uliniahidi."

Nimekutana na madaktari wakali, nimekutana na baba wa Kengeja, lakini hakuna aliyewahi kunichoma kama neno lile moja. Nilitaka kumweleza habari za pacha wa mwenzake, nikaona huo ni ukatili. Nikamwambia, "Sindano nilikuwa naijua, na juu ya sindano sikukudanganya. Kizazi chako nilikuwa sikijui, nikakisemea. Nimekukosea, Rahma. Nisamehe." Alilia, nami nililia. Hakusema amenisamehe. Tukaenda pamoja hospitali, na mumewe naye nikamwambia lazima apimwe, akakubali bila ubishi, Mungu ambariki. Walipimwa wote wawili na hakukuonekana kasoro. Daktari akasema wapo watu wa namna hiyo, walikuwepo kabla ya korona na watakuwepo, wasubiri na waendelee kuja. Rahma akasema ahsante, akarudi kwenye kazi yake ya kufundisha.

Zoezi langu la mwisho kabla ya kustaafu lilikuwa chanjo ya wasichana ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi. Nilipewa skuli kadhaa za kusini. Nilipofungua karatasi nikaona moja ni anayofundisha Rahma, karibu na kwao Kengeja. Nilifikiria kubadilishana na mwenzangu. Kisha nikasema Zuwena, usiwe mwoga, umebakisha wiki chache tu.

Darasa walilotupangia lilikuwa la wasichana watupu, mlango umefungwa. Hilo angalau nilikuwa nimeshajifunza. Rahma ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye rejista. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikawauliza wanafunzi wamesikia nini. Walitazamana. Akasimama mmoja wa mbele, Hidaya, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Tumesikia inafunga kizazi."

"Mmesikia wapi?"

"Kwenye simu. Na..." Akamgeukia Rahma. "Mwalimu, samahani. Nyumbani wanasema wewe ulichanja ile ya korona ulipokuwa chuo, na ndiyo maana huna mtoto. Ni kweli?"

Msaidizi wangu akainamia boksi la baridi kama kuna kitu anakitafuta. Mimi nilisimama nikafungua mdomo, na Rahma akaninyooshea kiganja, nikae. Nikakaa.

Aliweka kalamu. "Nilichanja, ni kweli," akasema. "Sina mtoto, ni kweli. Namtaka, na kila mwezi nikijiona sina nalia, na hilo ni kweli pia, msiende kulisema sokoni. Tulichanja wasichana dakhalia nzima. Wenzangu wengi wamezaa. Mwalimu wenu wa hesabu ni mmoja wao, na mnamjua mwanawe anavyopiga kelele. Shangazi yangu hajawahi kuchanjwa kitu tangu azaliwe na hana mtoto, ni mtu mzima sasa."

"Kwa hiyo ni kwa nini?" Hidaya akauliza, kwa upole safari hii.

"Sijui. Daktari hajui. Bi Zuwena hajui. Na yule anayezungumza kwenye simu yako naye hajui, ila yeye peke yake ndiye anayesema anajua. Ninalolijua ni kwamba nina pumu, nilikaribia kufa kwa korona kabla sijachanja, na iliponirudia baada ya kuchanja nilikohoa wiki moja nikarudi darasani."

Hidaya akanigeukia mimi, na nikalijua swali kabla hajalitamka.

"Bi daktari, mimi nikichanja hii, nitazaa?"

Rahma alikuwa ameshaichukua kalamu yake, lakini hakuandika. Nilimwona kwa pembe ya jicho.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Hii haifungi kizazi, hilo nalijua na nakuapia. Itakukinga na maradhi mabaya ambayo nimeona wanawake wakifa nayo. Mkono utauma leo na kesho, na unaweza kuona kizunguzungu. Lakini kama utazaa au hutazaa, hilo siwezi kukuahidi. Hakuna anayeweza."

Hidaya alifikiri. Akatazama sindano, akamtazama mwalimu wake. Akakaa kitini, akapandisha mkono wa nguo ya skuli, akageuza uso upande wa pili. Nikamchoma. Nyuma yake wakaanza kujipanga, wanasukumana na kuchekana nani ataanza kulia.

Rahma akaandika jina la Hidaya kwenye rejista, akapiga mstari kwa rula. Hakuinua uso.

"Ungenambia hivyo siku ile, Bi Zuwena," akasema, "ningechanja vilevile."